Mdogo wangu anaanza MD, kishikwambi ni lazima au kinaweza kusubiri?

Mnyamwezi wa Igunga
Habari zenu wakuu. Mdogo wangu wa kike kachaguliwa kusoma udaktari (MD), miaka mitano halafu intani mwaka mmoja, mimi ndo namsomesha maana mzee alishatangulia na mkopo wa bodi kapata nusu. Sasa kaniletea orodha ya mahitaji, kuna koti jeupe, stetoskopu, mashine ya presha, laptop na kishikwambi cha bei ya kutisha, anasema kwenye group lao la whatsapp wote wananunua na bila hicho ataachwa. Simu anayo, Android ya kawaida. Sitaki akwame ila hela yenyewe ya kuungaunga na mpunga bado uko shamba. Waliosoma naombeni ukweli, kinatumika kweli au ni fasheni tu?

MD3 Kanda ya Ziwa
Hongera sana kaka kwa kumpambania dada. Mimi niko mwaka wa tatu nakwambia nilichokiona. Miaka miwili ya kwanza ni anatomia, fiziolojia, bayokemia na wenzake, walimu wanatuma slaidi na pdf kila siku na kwenye simu ndogo inachosha, mfano mishipa ya fahamu ya mkono inavyopishana kwapani ukizoom huoni inatoka wapi, ukirudisha huoni majina. Kioo kikubwa kinasaidia hapo sitaki kudanganya. Lakini laptop hata ya mtumba inafanya kazi hiyohiyo na ripoti ataandikia humohumo, kwa hiyo vyote viwili kwa mpigo hapana. Halafu asikubali kuambiwa lazima iPad, apu ya kadi za kukariri wengi tunatumia Anki, kwenye Android na kompyuta ni bure, kwenye iPhone na iPad ndo unalipia.

Zamu ya Usiku
Mkuu mimi ni daktari nafundisha pia vijana wodini. Kuna vitu viwili hapa vinachanganywa, kifaa cha kusomea chumbani na kifaa cha mfukoni. Cha kusomea mdau hapo juu kamaliza, laptop inatosha. Cha mfukoni ndo kinaanza kuwa cha lazima akiingia wodi, na hicho tayari anacho, ni simu. Huko Marekani mwanzoni mwa miaka ya 2000 wanafunzi walitembea na vidude vya Palm, vikompyuta vidogo vya mkononi, ndani wanaweka Epocrates, programu ya kuangalia dozi na dawa zinazogongana, maana simu za wakati ule hazikuweza. Ilipokuja iPhone 2007 na simu za Android mwaka uliofuata kazi yote ikahamia kwenye simu, vile vidude vikafa.

Sasa kinatumikaje. Usiku analetwa mtoto wa kilo 14 ana malaria kali, anadegedeka, unataka artesuneti ya sindano. Aliye chini ya kilo 20 anapewa 3mg kwa kilo, kuanzia kilo 20 kwenda juu ni 2.4mg kwa kilo. Huyu wa kilo 14 ni 42mg, unampa sasa hivi, tena baada ya masaa 12, tena yakitimia 24. Ukichanganya ukampigia hesabu ya mtu mzima unampa 33.6mg, umempunja dawa mtoto anayekufa. Usiku umechoka kichwa kinadanganya, ndo maana nawaambia vijana wangu fungua uhakikishe, hakuna aibu. Kiwango cha fahamu cha mgonjwa vilevile, mtu mzima tunapima kwa alama za Glasgow 3 mpaka 15, mtoto ambaye hajaanza kuongea tunatumia alama za Blantyre 0 mpaka 5, zote ziko kwenye simu.

Ila nasisitiza hili. Apu za nje zitamtajia dawa ambazo zahanati yetu haina na haitakuwa nazo. Cha kwanza kuweka kwenye simu ni muongozo wa matibabu wa Wizara ya Afya, toleo la 2021, ndo utamwambia nini kinaanza na nini kinapatikana ngazi ya kituo chake. Halafu apu ya MDCalc kwa mahesabu ya kitabibu, na Medscape, ile akishapakua taarifa za dawa inafunguka bila bando. Hela ya kishikwambi mnunulie stetoskopu nzuri, sikio la kusikia mapafu halipakuliwi.

Sista wa Wodi 4
Naongezea upande wetu manesi. Mwanafunzi anasimama kitandani anabofya, mgonjwa hajui unatafuta dozi, anajua unachati, na ndugu zake wanakasirika. Mwambie aseme tu "mama naangalia kipimo cha dawa yako" watu wanaelewa vizuri sana. Pili asipige picha ya kidonda wala faili la mgonjwa akarusha kwenye group, sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi ipo tangu 2022 na hata isingekuwepo, yule ni mtu. Tatu hicho kidude kinaguswa na mikono iliyotoka kwa mgonjwa kikarudi mfukoni kikaenda mpaka mezani kwenye chakula, akifute kwa spiriti kila akitoka wodi.

Mnyamwezi wa Igunga
Nimewaelewa na nashukuru sana, mmenipa nguvu ya kuongea naye bila kugombana. Kwa hiyo laptop ya mtumba na stetoskopu kwanza. Simu yake ina 32GB na inajaa kila siku, hapo vipi? Na huo muongozo wa wizara unauzwa wapi?

MD3 Kanda ya Ziwa
Hauuzwi kaka, ni pdf ya bure, atafute STG (ndo jina fupi la huo muongozo kwa Kiingereza) ya Tanzania Bara mtandaoni aishushe. 32GB atateseka, kama kuna hela itabaki mbadilishie simu yenye 128 na betri inayokaa mpaka jioni maana wodini pa kuchajia hakuna. Kishikwambi akikitaka sana mwaka wa tatu atakuwa anajua mwenyewe anakitakia nini.

Sista wa Wodi 4
Na koti anunue mawili, moja likiwa kwenye kamba lingine analo mwilini.