Seramu za vitamini C zinauzwa zikiwa zimeshakufa, na mteja anaambiwa "ni rangi yake ya asili"

Wakuu, hili limezidi sasa. Mtu anafungua seramu mpya, yaani kimiminika cha kupaka usoni, anakuta rangi ya chai. Akiuliza, anajibiwa kwamba ndivyo ilivyo. Uongo! Asidi askobiki, yaani vitamini C yenyewe, ikiyeyushwa kwenye maji haina rangi, au ina umanjano wa mbali sana. Hewa, mwanga na joto vinaioksidisha: inageuka asidi dehidroaskobiki, kisha inavunjika zaidi na hairudi tena. Umanjano hafifu unaweza kutokana na viambato vingine, hilo tunalielewa. Kahawia haina utetezi.

Na chupa wanazochagua watengenezaji ndizo zinazoimaliza. Kioo kinachopitisha mwanga, juu yake kidondoshi, kwa hiyo kila ukifungua unaingiza hewa mpya. Pampu isiyoruhusu hewa kurudi ndani ipo, chupa za giza zipo. Hawataki tu.

Lebo nazo ni matusi. Mbele "VITAMINI C" kwa herufi kubwa, nyuma hakuna asilimia ya vitamini C wala pH (kipimo cha uasidi: namba ikiwa ndogo, asidi ni kali zaidi), wakati namba hizo mbili ndizo bidhaa yenyewe. Asidi askobiki inahitaji pH iliyo chini ya 3.5 ili ipenye. Ikipanda juu ya hapo, molekuli nyingi zaidi zinabeba chaji ya umeme, na tabaka la juu la ngozi lenye mafuta linazikataa. Kiwango cha maana ni asilimia 10 hadi 20. Ukivuka 20 ngozi haipokei zaidi, kinachoongezeka ni mwasho. Anayejisifia asilimia 30 anakuuzia muwasho huo kama ubora.

Kama ndani ni sodiamu askobili fosfeti, aina nyingine ya vitamini C, semeni hivyo! Hiyo hukaa kwenye pH ya karibu 7, haichomi na inadumu, ila ngozi lazima kwanza iigeuze kuwa askobiki, na ushahidi wa nguvu yake ni mdogo zaidi. Ni kitu tofauti, msikiuze kwa sifa za kingine.

Halafu kuna walimu wa limau, wanaofundisha watu kujipaka maji yake usoni. Maji ya limau yana takriban miligramu 40 za vitamini C kwa gramu 100, yaani asilimia 0.04. Seramu ya asilimia 10 inayazidi mara 250. Unachojipaka ni asidi sitriki pamoja na furanokumarini, kemikali za limau zinazoamshwa na jua, na jua likizikuta usoni ngozi inaungua, inabaki na madoa meusi ya wiki au miezi. Aliyetaka kuondoa madoa anaongezewa mengine.

Jibu la 1: Mkuu, na hawa wanaosukuma vidonge vya miligramu 1000 kwa ajili ya "kung'aa"?

Mwanzisha uzi: Hao nao wamo. Ni kweli vimeng'enya vinavyokaza nyuzi za kolajeni, protini inayoshikilia ngozi, havifanyi kazi bila vitamini C, ndiyo maana mwenye kiseyeye (ugonjwa wa kukosa vitamini C) fizi zinatoka damu na vidonda haviponi. Lakini mtu mzima anahitaji miligramu 75 hadi 90 hivi kwa siku, anayevuta sigara aongeze 35. Ukishafika miligramu 200 hadi 400, damu imekaribia kujaa, na ziada inatoka kwenye mkojo. Asiye na upungufu hang'ai kwa kumeza zaidi.

Jibu la 2: Basi tueleze inavyopakwa, maana wauzaji hawasemi.

Mwanzisha uzi: Asubuhi, uso ukiwa mkavu kabisa, matone 4 au 5. Iache ikauke, paka losheni, kisha sanskrini, yaani krimu ya kukinga jua, ya SPF (kiwango cha kinga) 30 au zaidi. Seramu haichukui nafasi ya sanskrini. Benzoili peroksidi ya chunusi iwe ya usiku, kwa sababu inaioksidisha askobiki palepale usoni. Ngozi nyepesi kuwashwa ianze na asilimia 10, siku moja ndiyo, moja hapana. Funga kifuniko mara moja, weka mahali pa baridi na giza. Ikigeuka kahawia, mwaga. Ikifika kwako ikiwa kahawia, piga picha, irudishe, dai hela yako yote.