Mrejesho: mbwa wangu mchanga mwenye tatizo la nyonga

Ndugu zangu, niliwauliza namna ya kuishi na mbwa mchanga mwenye nguvu tele ambaye nyonga zake zimelegea, yaani kichwa cha mfupa wa paja hakikai vizuri kwenye kikombe chake. Asanteni sana kwa majibu.

Kilichosaidia kuliko vyote ni kumpunguza uzito. Daktari wa mifugo alitaka awe mwembamba kiasi cha mbavu zake kupapasika bila kubonyeza, kwa hiyo tulipunguza chakula, na mwendo wake umebadilika waziwazi. Wengine mlishauri apumzishwe kabisa, hapo sikubaliani. Misuli ya paja na makalio ndiyo inayoshikilia kiungo kilicholegea, na mbwa akilala tu inasinyaa. Sasa anatembezwa kwa kamba, safari fupi fupi, na anaogelea, maana maji humbebea uzito. Kukimbiza mpira tumeacha: kukata kona na kusimama ghafla ndiko kulikomuumiza. Nguvu zilizobaki anazimalizia kwa kunusa. Namfichia chakula akitafute, na kweli kazi ya pua inamchosha!

Sakafu inayoteleza tumeitandika mazulia. Dawa ya maumivu anapewa ile aliyoandikiwa na daktari tu. Jamani, ibuprofeni na parasetamoli za binadamu zinaweza kumdhuru vibaya mbwa.

Upasuaji bado tunaujadili. Kuwekewa nyonga bandia kunawezekana mifupa ikishakomaa, ila kwa sasa hachechemei anapoamka, na nimefarijika mno. Tutapiga eksirei nyingine kabla ya kuamua.