Barua pepe si tovuti! CSS inachinjwa njiani halafu lawama zote kwa fundi

Fundi_Jedwali

Wakuu, tusifichane. Kiolezo cha barua pepe kinachokuja na `<link rel="stylesheet">` kichwani (yaani kinachovuta CSS, zile sheria za mwonekano, kutoka faili la nje) ni takataka, hata kama kwenye kivinjari kinang'aa. Bado vinauzwa, bado vinasifiwa kwamba "vinafanya kazi kila mahali", na bado watu wanavijaribu kwenye Chrome, wanaridhika, wanabonyeza tuma. Mpokeaji akifungua anakuta Times New Roman imebanana kushoto na picha imemwagika nje ya skrini. Chrome haisomi barua za mtu. Kuipima barua huko ni kupima kitu kingine kabisa.

Gmail haigusi faili la CSS lililo nje. Inachokubali ni `<style>` iliyo ndani ya `<head>`, na `@media` yenyewe (sheria zinazobadilisha mwonekano kulingana na skrini) ilianza kukubalika huko mwaka 2016. Ukiiweka `<style>` ndani ya `<body>`, imekwenda na maji. Tena ina hasira za ajabu: ikikuta kitu isichokipenda, mfano `@` moja ndani ya `@` nyingine, haifuti mstari huo tu, inatupa bloku nzima. Dawa ni kuwa na `<style>` mbili. Ya kwanza ibebe sheria za kawaida, ya pili ibebe vitu vya hatari. Ya pili ikifa, ya kwanza inapona.

Na anayesoma akaunti ya kampuni nyingine kupitia app ya Gmail hapati `<style>` hata moja. Kwa hiyo mtindo wa msingi lazima ukae kwenye `style=""` ya kila tagi, hakuna njia ya mkato. Wala huhitaji kuandika kwa mkono: andika CSS yako kama kawaida, mwishoni ipitishe kwenye zana kama Juice au Premailer, zinazoihamishia kwenye kila tagi, na hakikisha `@media` zinabaki kichwani. Hapo ndipo wengi wanapojikwaa. Mtindo wa kwenye tagi una nguvu kuliko wa kichwani, kwa hiyo kila tamko ndani ya `@media` liwe na `!important`. Usipoweka, simu itaendelea kuonyesha safu mbili zilizobanana.

Tena usijaze makorokoro. HTML ikizidi takriban KB 102, Gmail inakata ujumbe, na kinachoangukia nje ni sehemu ya chini, yaani kile kiungo cha kujiondoa.

Sasa Outlook ya Windows, ile ya zamani. Tangu toleo la 2007 inachora barua kwa injini ya Word. Word, wakuu! Toleo la 2003 lilitumia ya Internet Explorer, na kwa mara ya kwanza duniani watu wakaikumbuka Internet Explorer kwa mema. Injini hii haijui `max-width`, haijui `border-radius`, haijui `background-image`, na `float` au `position` usithubutu. `padding` kwenye `<div>` au `<a>` inaipita kama haipo, ila kwenye `<td>` inaitii. Ndiyo maana mpaka leo tunajenga kwa majedwali, si ushamba. Div yenye `max-width` ivalishe jedwali ambalo Outlook peke yake italiona:

```
<!--[if mso]><table role="presentation" width="600" align="center" cellpadding="0" cellspacing="0" border="0"><tr><td><![endif]-->
<div style="max-width:600px; margin:0 auto;"> ... </div>
<!--[if mso]></td></tr></table><![endif]-->
```

Upana wa picha uandike kwenye tagi yenyewe, `width="600"`, bila "px". Ukiuacha kwenye CSS tu, Outlook inachora picha kwa ukubwa wake wa asili, na ile ya pikseli 1200 uliyoiandaa kwa skrini kali itapasua jedwali lote. Kitufe: rangi na `padding` viwe kwenye `<td>`. Ukitaka pembe za mviringo huko, utaandika VML (lugha ya zamani ya Microsoft ya kuchora maumbo), na kwa kweli hakuna mpokeaji aliyewahi kukataa kubonyeza kitufe kwa sababu kina pembe.

Fonti nayo. Fonti ya kupakuliwa ikitangulia kwenye orodha, Outlook hairuki kwenda kwenye Arial uliyoiweka nyuma yake, inadondokea Times New Roman. Weka `<style>` nyingine ndani ya `<!--[if mso]>` yenye `td, p, a { font-family: Arial, sans-serif !important; }`.

Anayeuza kiolezo bila haya yote arudishe hela za watu.

PostaNaSeva

Mleta uzi una haki ya kukasirika, lakini umewabebesha Gmail na Outlook mzigo wote. CSS nyingi inafika imeshavunjika, na aliyeivunja ni skripti inayotuma.

Kwanza urefu wa mstari. RFC 5322, kanuni ya muundo wa barua pepe, inaruhusu herufi zisizozidi 998 kwa mstari mmoja. Watu wanaikamua HTML yote iwe mstari mmoja ili iwe nyepesi, kisha wanaituma bila kuisimba. Seva iliyo njiani inaukata mstari popote panapoifaa, hata katikati ya `background-color`. Ukiona kasoro inahama mahali kila unapoongeza neno kwenye barua, usihangaike na CSS, mchawi ni huyo.

Pili nukta. Kwenye SMTP (itifaki ya kutuma barua pepe), mstari wenye nukta peke yake ndio unaosema ujumbe umeisha. Kwa hiyo mtumaji anapaswa kuongeza nukta ya pili kwenye kila mstari unaoanza na nukta, na mpokeaji anaiondoa. Skripti iliyoandikwa kwa mkono mara nyingi haiongezi, ila mpokeaji anaondoa vilevile. Matokeo yake `.kitufe {` inafika ikiwa `kitufe {`, yaani sheria ya tagi ambayo haipo. Tumia maktaba ya kutuma inayoeleweka, acha kuandika soketi mwenyewe.

Tatu, kichwa cha ujumbe kinatangaza quoted-printable (mtindo wa kusimba unaotumia alama ya `=`) wakati mwili haujasimbwa. Kila `=` ilipaswa kuwa `=3D`. Isipokuwa hivyo, `width=600` inasomwa kama msimbo `=60` ukifuatiwa na sifuri, na upana unageuka alama isiyo na maana.

Kabla ya kugusa CSS, fungua chanzo cha ujumbe uliofika (si ule uliotuma) na ulinganishe bloku ya `<style>` mstari kwa mstari.

Mkono_wa_Pili

Jedwali ndani ya jedwali ndani ya jedwali, mwaka huu? Flex, mpangilio wa kisasa wa CSS, ipo. Walio kwenye Word wapate maandishi matupu, wamejitakia.

Fundi_Jedwali

@Mkono_wa_Pili mkuu, hawakujitakia, kompyuta ni za ofisi, hawachagui programu. Na flex ikikataliwa huko hupati "maandishi matupu", unapata safu tatu zimerundikana moja juu ya nyingine, kila moja na upana wake. Kama unataka maandishi matupu, yatume kihalali: `multipart/alternative` (ujumbe mmoja wenye matoleo mawili), `text/plain` itangulie, `text/html` iwe ya mwisho. Ukigeuza mpangilio huo, programu nyingi zinachukua ya mwisho zikijua ndiyo bora, na HTML yako haionekani kabisa.

@PostaNaSeva hiyo ya nukta imeua violezo vingi kuliko Outlook, asante kuileta.

Usiku_Mwema

Mmesahau hali ya giza. Apple Mail inasikiliza `prefers-color-scheme` (sharti la CSS la hali ya giza), Gmail haisikilizi. App yake inaweza kugeuza rangi kivyake, na kwenye iPhone hata uliyoyaandika meupe juu ya usuli mweusi yanageuzwa. Hakuna CSS ya kuaminika ya kuizuia. Kinachookoa ni picha: nembo nyeusi ya PNG yenye usuli wazi inapotea juu ya usuli mweusi, kwa hiyo izungushie ukingo mweupe wa pikseli mbili ndani ya picha yenyewe. Mchana hauonekani.