Nimepewa dakika tano kusema tunataka nini kwenye bustani ya Bonde la Msimbazi. Nisaidieni, wakuu

BintiWaSuna

Habari za jioni wakuu.

Nimezaliwa Magomeni Suna, nyumba ya tatu kutoka mtoni. Nyumba yenyewe haipo tena, ilibomolewa pamoja na nyingine za bondeni kupisha mradi, na sasa tumepanga Mburahati. Jumatano kuna kikao cha wananchi kuhusu ile bustani kubwa ya jiji la Dar es Salaam inayopangwa kule chini, kuanzia Jangwani kushuka kuelekea Daraja la Selander. Hata sisi tuliohama tumeitwa. Wazee wa mtaa wetu wa zamani wamenichagua niwasemee, na kila mtaa umepewa dakika tano.

Nimekaa na daftari tangu juzi, naandika na kukata.

Kwa walio mbali: huu ni mradi wa kuendeleza Bonde la Msimbazi. Mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 200 uliidhinishwa mwaka 2022, Hispania na Uholanzi nazo zinachangia, na msimamizi ni TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini. Kazi yake kubwa ni mafuriko. Mto unachimbwa upate kina na upana, daraja la Jangwani linajengwa upya lipande juu, karakana ya mabasi ya mwendokasi inahama. Bustani inakuja pale ambapo hapatajengwa nyumba tena.

Mvua za Desemba 2011 zilinikuta darasa la sita. Maji yaliingia ndani tukiwa tumelala. Mama alitupandisha watoto juu ya kabati la vyombo, naye akasimama chini ameshika mlango. Asubuhi ukutani kulikuwa na mstari wa tope, juu kidogo ya swichi ya taa. Marehemu baba kila akipaka rangi nyumba aliuruka ule mstari, alitaka tuuone. Mvua zile ziliua watu zaidi ya 40 jijini. Mwaka uliofuata majirani zetu walipewa viwanja Mabwepande, wengine wakahamia, wengine wakarudi bondeni kwa sababu riziki yao ilikuwa mjini.

Kwa hiyo siwezi kusimama pale nikaomba mabembea na maua tu. Nianze na lipi? Suala la kiingilio nilisemeje? Na mama yangu, aliyelima mchicha kando ya mto miaka ishirini, nimwombee nini?

FundiMitaro

Pole sana dada kwa nyumba.

Anza na maji, na ukisema maji taja mchanga. Msimbazi unatoka vilima vya Pugu na Kisarawe, unatembea kama kilomita 35 hadi baharini. Huko juu miti imekatwa, watu wanajenga hadi ukingoni, kila mvua inakokota udongo. Ukifika Jangwani ardhi ni tambarare, maji yanapunguza mwendo na mchanga unatua. Nimewahi kufanya kibarua cha kuzibua chini ya daraja pale. Kijiko kilichimba siku nyingi, malori yanabeba usiku na mchana, halafu mvua za masika zikarudisha karibu wote.

Hivyo waulize: mchanga utakaoingia bustanini kila mwaka utatolewa na nani, kwa fungu gani, utawekwa wapi? Wakijibu hilo vizuri, mengine yatakaa sawa. Vijana wanaochimba kwa koleo na kupakia kwenye Fuso wanajua mto unapomwaga mchanga kuliko ramani yoyote. Wapewe eneo na kibali, wautoe kwa mpango, pale unapotakiwa kutoka. Kuwafukuza tu hakusaidii, watahamia juu kidogo na kubomoa kingo huko.

La pili, sehemu ya chini ya bustani hii ni lazima izame. Ndiyo kazi yake, maji yatanuke pale yasiingie majumbani. Omba wakuoneshe kwenye mchoro ni wapi patazama kila masika na wapi patazama mara moja kwa miaka mingi. Uwanja wa mpira ukizama siku tatu unakauka watu wanacheza. Vyoo, nyaya za umeme na vibanda vya mama lishe vikae juu.

MzeeKigogo

Binti yangu, sitaki kukuvunja moyo, ila nimeishi mji huu tangu Jangwani ikiwa viwanja vya mikutano na mpira. Kufungua kitu hatujawahi kushindwa, shida inakuja mwaka wa tatu wa kukifagia. Mifuko, chupa, pampasi, magodoro, yote yanayotupwa mitaroni Tabata, Vingunguti na hapa kwetu Kigogo yanateremka na maji hadi huko. Utapanda nyasi, mvua moja zinafunikwa.

Mimi ningeomba vizuizi vya taka kwenye kila mtaro unaoingia mtoni, kabla taka hazijafika bustanini, na watu wa kuvisafisha kila siku, walipwe mshahara. Wasije na habari ya siku ya usafi mara moja kwa mwezi. Fungu la kufagia liandikwe kwenye bajeti kabla ya kukata utepe.

BintiWaSuna

Shikamoo mzee. Nimeliandika hili la bajeti neno kwa neno.

FundiMitaro, kaka, hapo kwenye kuzama umenifungua macho. Kwenye mtaa wetu watu wanadhani bustani ikija mafuriko yatakwisha kabisa.

MatutaMatatu

Dada, nami nimelima mchicha na matembele bonde hilohilo, upande wa Mkwajuni, kwa hiyo sisemi kwa dharau. Ukisimama usiombe wakulima warudi kwenye matuta ya kando ya mto. Mwaka 1999 watafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walichapisha vipimo vya mboga za kando ya Msimbazi na Sinza, na humo mlikuwa na madini mazito, risasi ikiwemo. Tangu hapo mto haujawa msafi zaidi, ninyi wenyewe mnajua maji yanavyobadilika rangi. Kwangu ilikuwa ngumu kukubali kwa sababu mchicha ule ulisomesha wanangu. Siku nilipokubali niliacha kuwalisha wanangu mchicha ule, halafu nikajiuliza nawauzia vipi wa wenzangu.

Ila bustani ya ukubwa ule itahitaji miche kwa maelfu. Nani anajua kuotesha, kumwagilia asubuhi na jioni, kukinga jua kwa makuti, kujua mche upi umekufa na upi umelala tu? Mama yako. Omba wakulima wa bonde wapewe vitalu vya miche, wauze kwa mradi kwa mkataba, kikundi kwa kikundi. Watu wetu tayari wana vikoba vya kuweka na kukopa, kikundi kipo, kinachokosekana ni mkataba. Na kama wakikubali kutenga kipande cha mboga, kiwe sehemu ya juu, udongo uletwe, na maji yatoke kwenye kisima kilichopimwa.

Jirani wa Karura

Dadangu, salamu kutoka Nairobi.

Sisi tuna Karura, hekta 1,041 za msitu katikati ya jiji. Mnaowaona leo wakikimbia na kuendesha baiskeli kwa raha huenda hawajui tulikotoka. Miaka ya tisini ardhi ile iligawiwa wenye nguvu wajenge nyumba, na Januari 1999 Wangari Maathai, mwanaharakati wa mazingira, alipigwa akavuja damu langoni akijaribu kupanda mche. Hata baada ya kuokolewa, msitu ulikuwa mahali pa kuogopwa. Palibadilika jamii ilipoungana na shirika la misitu, uzio ukawekwa, na vijana wa Mji wa Huruma, kijiji kilicho ubavuni mwa msitu, wakaingizwa kwenye ulinzi. Vijana ambao watu waliwaogopa ndio wakawa walinzi.

Ushauri wangu ni huu: ombeni hati. Mipaka ya bustani ipimwe, mawe ya mpaka yawekwe, itangazwe rasmi kuwa eneo la umma, na nakala ibandikwe ofisi ya mtaa. Ardhi iliyo wazi karibu na katikati ya jiji haikosi mwenye tamaa. Leo ni bustani, kesho kuna maegesho, kesho kutwa maduka.

Kiingilio kwetu kipo, na kinalipa mishahara ya ulinzi. Lakini Karura ina majirani matajiri wengi. Msimbazi imezungukwa na watu wa kipato cha siku. Usiige la kwetu hapo.

MdauKigali

Mimi ni Mtanzania, nafanya kazi Kigali. Kuna bustani ya Nyandungu, hekta 121, eneo la kinamasi lililokuwa limeharibika. Walilirudishia maji na miti ya asili, wakalifungua 2022. Ukiingia unaona madimbwi yaliyounganishwa, maji yanapita kwenye matete kutoka moja kwenda jingine, yakitoka upande wa pili yametulia. Ni mahali pa kufunzia watoto kuliko darasa lolote.

Kuna kiingilio. Familia za karibu zenye watoto wanne zinahesabu mara mbili kabla ya kuja. Nadhani ungesema hivi: kuingia na kutembea bure, pesa itafutwe kwenye vibanda, maegesho, kukodisha eneo la sherehe. Na waliohamishwa wapewe nafasi ya kwanza kwenye vibanda hivyo, kwa orodha ile ile iliyotumika kulipa fidia. Orodha ipo, hawawezi kusema hawawajui.

BintiWaSuna

Hili la orodha ya fidia nimelisoma mara tatu. Asante sana mkuu. Mama nimemsomea habari ya vitalu, akauliza swali moja tu: watalipa kwa wakati?

MchuNaMkandaa

Watu wote mmeongelea Jangwani, mimi naomba mshuke hadi mdomoni mwa mto, pale Selander. Mikoko ipo pale bado, mingi ni mchu. Maji ya bahari yakitoka, shuka uangalie, utaona mizizi yake imesimama kwenye tope kama penseli, maelfu. Mti unapumua kwa mizizi ile. Mfuko mmoja wa plastiki ukitanda juu unaziba mizizi mingi kwa pamoja, na mti hufa polepole mtu asijue sababu. Mimi na wanafunzi wangu tumewahi kutoa mifuko pale kwa mikono siku nzima, tukamaliza eneo dogo kama chumba cha kulala.

Omba njia ya mbao ipite juu ya tope kati ya mikoko, watu waione bila kuikanyaga. Na miti ya juu iwe tuliyoizoea hapa kwetu: mikuyu, mivule, mikungu, minazi. Mkuyu hauogopi maji, kivuli chake kinatosha mkutano mzima. Wasituletee safu za michikichi ya mapambo isiyompa kivuli hata mtu mmoja.

Mama Wawili

Naongeza machache maana umeshapewa mengi. Taa. Vyoo vyenye maji, na kimoja kinachoingia kiti cha magurudumu, mwanangu wa kwanza anatumia kiti. Njia zisiwe na ngazi. Mabenchi yenye migongo kwa ajili ya wazee. Na kuwe na kivuko cha miguu kinachounganisha Magomeni na Mchikichini, wanawake wanaokwenda Kariakoo alfajiri wapite mahali penye watu na mwanga. Hiyo bustani itapendwa na mtu anayepita kila siku kuliko anayekuja Krismasi na Idi.

MzeeKigogo

Mama Wawili amesema neno. Binti, hilo la kivuko lisikose.

FundiMitaro

Na dakika tano ni chache, usisome orodha. Chagua matatu uyashikilie, mengine uyaandike kwenye karatasi uwakabidhi wasaini kwamba wamepokea.

BintiWaSuna

Wakuu, nimerudi na mrejesho.

Nilisimama wa nne. Nilishika mambo matatu: mchanga na taka, na fungu lake kwenye bajeti; mipaka ipimwe na kuingia kuwe bure; vitalu na vibanda viende kwa waliohamishwa, kwa orodha ya fidia. Kivuko, taa, vyoo, mikoko na miti niliviandika kwenye karatasi mbili, katibu wa kikao akasaini nakala yangu.

Kuhusu kiingilio walisema bado hakijaamuliwa, nami nikaomba jibu hilo liandikwe kwenye muhtasari. Kuhusu vitalu wametaka kikundi kilichosajiliwa, kwa hiyo mama na wenzake kumi na wawili wanaanza kufuatilia usajili wiki hii. Kwenye bajeti ya kufagia sikuridhika, walijibu kwa maneno mengi na hapakutajwa kiasi.

Halafu jambo moja sikulitarajia. Nilipokuwa nakusanya karatasi zangu, mhandisi mmoja kijana alinifuata. Nilikuwa nimegusia ule mstari wa tope ukutani. Akaniuliza ulifika juu kiasi gani, nikamwambia ukuta haupo tena. Nikakumbuka mwembe wetu. Tingatinga liliuacha kwa sababu ulikuwa nyuma ya uwanja, na baba alikuwa amepigilia msumari kwenye shina, usawa ule ule wa mstari, mwaka ule ule wa 2011. Kijana akasema vipimo vya namna hiyo wanavitafuta, na kwamba mwembe ule wangependa ubaki.

Jumamosi saa mbili asubuhi tunakwenda naye na mama kuutafuta ule msumari. MzeeKigogo, kama una nafasi njoo, wewe unakumbuka maji ya kabla yangu.

MzeeKigogo

Nitakuja. Nitaleta futi.