Divata ya tungsteni: nguvu ya jaribio la joto hupimwaje, na ufa wima ni kufeli?

FizikiaPlazma
Wakuu, vipande vya tungsteni vya divata (sehemu ya kinu inayopokea joto kali la plazma) ya ITER, kinu cha majaribio cha myungano wa nyuklia, hujaribiwa mizunguko 5,000 ya kupashwa na kupozwa kwa 10 MW/m² (megawati kwa mita ya mraba), kisha 300 kwa 20 MW/m². Mashine ikiwa ya miale ya elektroni, nguvu inayoingia kweli kwenye kipande inajulikanaje? Pili, baada ya 20 MW/m² vipande vingi huonekana na ufa wima katikati. Hivyo vimefeli?

Mkondo_wa_Maji
Usizidishe volti kwa ampea za bunduki ya elektroni. Atomu za tungsteni ni nzito, hivyo karibu nusu ya elektroni hudunda zikaondoka na nishati yake. Jibu liko kwenye maji ya kupozea: kilo za maji yanayopita kwa sekunde, mara 4,180 (joule za kupandisha kilo moja ya maji kwa 1 °C), mara tofauti ya joto kati ya maji yanayoingia na yanayotoka.

Tuseme vipande 7, kila kimoja upana 28 mm na unene 12 mm. Eneo ni kama 23.5 cm², kwa hiyo 10 MW/m² ni kW 23.5. Maji ya kilo 1 kwa sekunde yatapanda 5.6 °C tu! Themokapo (kipimajoto cha nyaya) inayokosea 1.5 °C inakuharibia zaidi ya robo ya kipimo. Weka Pt100 (vipimajoto vya platinamu, sahihi zaidi) mbili zilizosawazishwa pamoja, na kabla ya kuwasha mwale soma tofauti yake maji yakizunguka. Kama si sifuri, itoe kwenye hesabu. Mpigo wa mwale wa sekunde 10 ni mfupi mno kwa kazi hii. Pima kwanza kwa mpigo mrefu hadi joto la maji litulie.

Mashine ya majaribio ya GLADIS, Garching, Ujerumani, hutumia miale ya hidrojeni, na huko tatizo la kudunda ni dogo sana.

Tungsteni74
Ufa wima peke yake si kufeli. Joto linashuka toka usoni kwenda kwenye bomba, na ufa unaofuata njia hiyohiyo haulizibi. Kwa 20 MW/m² uso wa tungsteni hupata joto la kubadili fuwele zake, ukalainika. Ukiwa moto unabanwa hadi unabadilika umbo, ukipoa unavutwa, na marudio hayo ndiyo yanayoupasua.

Cha kuogopa ni kubanduka kati ya tungsteni na tabaka la shaba laini, au kati ya shaba hiyo na bomba la aloi ya shaba, kromiamu na zirkoniamu. Hapo joto linalazimika kuzunguka sehemu iliyobanduka, sehemu moja ya bomba inaelemewa, maji hapo yanageuka utando wa mvuke, bomba linatoboka. Pima viungo kwa altrasaundi kutokea ndani ya bomba, kabla ya kuingiza utepe uliosokotwa wa kuvuruga maji. Ukishauweka, kichunguzi hakipiti.

FizikiaPlazma
Shukrani. Na kamera ya joto ikionyesha kipande kimoja kimepanda ghafla?

Mkondo_wa_Maji
Usihukumu bado. Tungsteni laini hutoa infraredi kidogo. Uso ukikwaruzika hutoa zaidi, na kamera itasoma joto kubwa hata kipande kikiwa kizima. Zima mwale, linganisha kasi ya kupoa na ya jirani zake. Kilichobanduka hupoa polepole, uso wake uwe wa aina yoyote.