Tupeane uzoefu: uliandikisha ushahidi kwa Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ya Kenya. Kisha?

Ndugu zangu, mama alituacha mwaka jana. Kwenye sanduku lake la bati, chini ya leso, nilikuta daftari lenye orodha ya vilivyoteketea kwetu Burnt Forest, Januari 2008, kwenye ghasia za baada ya uchaguzi. Mabati 32, debe 14 za maharagwe, cherehani, picha ya harusi. Aliiandika asije akasahau hata kimoja siku ya kuandikisha ushahidi. Karani alimsikiliza saa mbili bila kumkatiza. Jioni ile mama alikula akashiba, mara ya kwanza tangu tutoke kambi ya Showground, Eldoret.

Watu zaidi ya 40,000 waliandikisha ushahidi kama yeye, wa mambo ya tangu uhuru hadi Februari 2008. Ripoti ilikabidhiwa Rais Mei 2013. Machi 2015 Rais Kenyatta akaomba radhi bungeni, akatangaza mfuko wa shilingi bilioni 10. Mama alisikia redioni, akasema, "Basi watakuja kuniuliza habari ya cherehani." Alingoja miaka yote iliyobaki, na hilo ndilo linaloniuma.

Wewe uliandikisha? Ulipata nini? Na majirani mlipatana vipi?

Mjukuu wa Wajir:
Pole kwa msiba. Kwetu ni mauaji ya Wagalla, huku Wajir, Februari 1984. Wanaume walikusanywa kwenye uwanja wa ndege, wakazuiliwa siku kadhaa juani bila maji. Serikali ikasema waliokufa ni 57. Tume ilipofika Wajir mwaka 2011, nilimpeleka nyanya. Alipoulizwa amepoteza wangapi, hakutaja idadi. Alitaja majina, mmoja mmoja, pamoja na baba na babu zao, na hakuna aliyemharakisha. Fidia hatujaona. Ila tangu siku hiyo majina hayo yanatajwa hata mbele ya watoto, na zamani ilikuwa ni kunong'ona.

Fundi wa Molo:
Sisi hatukulala kambini, tulijisitiri kwa mjomba Nakuru. Kwa hiyo zile shilingi 10,000 za Operesheni Rudi Nyumbani, mpango wa serikali wa kuwarudisha makwao waliofurushwa, zilitupita, maana majina yetu hayakuwa kwenye daftari la kambi yoyote. Ushahidi niliandikisha hata hivyo.

Habari ya jirani ndiyo nzito. Tuliporudi niliuona mlango wetu kwenye jiko lake. Niliujua kwa bawaba, moja ya shaba na moja ya chuma, nilizipigilia mwenyewe. Sikusema neno. Baada ya miezi kama minne akaja jioni ameufunga kwenye baiskeli, akasema, "Mlango nilichukua. Nyumba sikuchoma." Nikampa chai. Sasa watoto wake wanateka maji kwetu, na mamake alipolazwa nilichanga. Lakini nimemuuliza mara tatu ni nani waliomuua mdogo wangu, na mara zote tatu ameinuka akaenda zake. Anajua. Mtu anaweza kukurudishia mlango na bado mkawa hamjapatana.

Mwanzisha mada:
Fundi, pole sana, ndugu yangu. Ulimuuliza mkiwa wawili tu au mbele ya wazee? Nauliza kwa sababu Burnt Forest kuna boma moja ambalo mama alikuwa akilipita bila kugeuza shingo. Nataka kwenda Desemba na hili daftari, nami sijui niingie peke yangu au nitangulize mzee.