Mafundi wa breki Mbeya: mnabadilisha viatu, silinda inavuja mnaiacha!

Wakuu salaam. Naandika nikiwa na hasira, mnivumilie.

Gari ni Probox, nyuma ina breki za dramu, yaani viatu vya breki vinatanuka ndani ya ngoma ya chuma na kuibana. Naishi Uyole, kila wiki nashuka Kiwira na Tukuyu kufuata ndizi na maparachichi. Anayeijua ile barabara anaelewa: ukishapita Isyonje ni mteremko na ukungu, na mbele yako kuna lori. Hapo si mahali pa kujaribia breki.

Mwezi uliopita hendibreki ikawa haishiki, na mafuta ya breki yakawa yanapungua kwenye kopo. Nikaenda gereji moja hapa mjini, sitaji jina. Nikamwambia fundi vyote viwili. VYOTE VIWILI. Akafungua tairi la nyuma kulia, akachungulia: "Bosi, viatu vimeisha." Kweli vilikuwa vimeisha, sibishi, lainingi, ile tabaka inayosugua dramu, imebaki kama karatasi, na ikishafika milimita 1 hakuna mjadala. Nikanunua seti ya viatu vinne, kulia na kushoto, elfu 45. Hapo alipatia.

Halafu akaanza kuosha kwa petroli. Nilimwona kwa macho yangu, anamwagia mpaka wili silinda, ile silinda ndogo ya kwenye tairi inayosukuma viatu kwa mafuta ya breki, eti anaondoa vumbi. Petroli inavimbisha zile raba za ndani! Kofia za raba za silinda hakufunua hata moja. Springi akarudisha zilezile zilizogeuka bluu kwa joto. Adjasta, ile ya kusogeza viatu karibu na dramu, imeganda kwa kutu, hakuigusa. Akafunga, akapokea hela yake.

Siku 12 baadaye naiacha Isyonje, nakanyaga breki, pedeli inazama. Nakanyaga tena, inashika nusu, gari linavuta kushoto. Nilishuka na gia ya pili mpaka Kiwira huku jasho linanitoka kwenye baridi ile.

Nikarudi kwake. Safari hii hata tairi hakufungua. "Hiyo masta silinda," ile kubwa ya mbele inayosukumwa na pedeli. Ya mtumba elfu 90, ufundi elfu 20. Akatoa upepo kwenye mabomba ya breki, pedeli ikapanda siku tatu, ya nne ikazama kama kawaida.

Aliyeniokoa ni mzee jirani yangu, aliyeendesha malori ya Zambia miaka mingi. "Mwanangu, lete jeki." Dramu iligoma kutoka maana ina ukingo, akairudisha adjasta nyuma na kuigonga taratibu. Akaingiza bisibisi chini ya kofia ya raba ya wili silinda, akaifunua kidogo tu. Mafuta yakamchuruzikia vidoleni. Viatu vyangu vya elfu 45 vimekuwa vyeusi, vinang'aa kama kichwa kilichopakwa mafuta ya nazi! Mzee akasema hivyo ni vya kutupa. Lainingi imeshanyonya, ukipiga msasa juu, ikipata joto mafuta yanatoka tena.

Sasa niambieni wakuu. Mafuta ya breki hayaliwi na gari kama petroli. Yanashuka kidogo kidogo kadiri pedi na viatu vinavyolika, basi. Yakishuka haraka yana pa kwenda. Fundi aliyeambiwa hilo halafu hafunui silinda, anatafuta nini kwenye hilo tairi?

Wili silinda moja nimeipata kwa elfu 25. Nimeweka mbili, kwa sababu za kulia na kushoto zina umri mmoja. Springi mpya, adjasta ikasafishwa na kupakwa grisi. Dramu sikununua, mzee alinionyesha kipimo cha mwisho kimeandikwa pale pale kwenye chuma, tukapima, haijafika, nikaipeleka kuchongwa. Mafuta ya zamani yalitoka na rangi ya chai ya mkandaa. Hii DOT 3, aina ya mafuta ya breki, inavuta unyevu, na ikishajaa maji inaweza kuchemka kwenye nyuzi 140 badala ya 205 ya ikiwa mpya. Kwa miteremko yetu hii, hesabu wenyewe. Na viatu nimenunua tena. Elfu 45 nyingine!

Nikamfuata yule fundi maiko na viatu vilivyolowa mkononi. Unajua alichonijibu? "Bosi, wewe ulisema hendibreki. Silinda hukusema."

Mimi nauza ndizi! Ningejua cha kubadilisha ningekuja kwako kufanya nini?

Akaendelea, bila aibu: "Viache hapo nivichome na petroli, mafuta yatakauka, vitafaa kwa mteja mwingine." Mteja mwingine wakuu. Labda ni wewe unayesoma hapa.

Nikamwambia basi nirudishie masta silinda yangu ya zamani, ile nzima uliyoitoa. Anasema keshaiuza.